Masika Yupi? Miaka Yangu ya Kuchoma Goita

Mwezi uliopita, nilipostaafu, mlininunulia keki na kitenge, mkapiga makofi, mkachukua ufunguo wa maabara. Halafu mmoja wenu akasema, "Mama Sindano, utuandikie hata kidogo." Haya, naandika. Lakini msitegemee niwaeleze nilipandishwa cheo lini na nani alininunia. Hayo waulizeni wa jikoni, wanayajua kuliko mimi. Mimi nitawaandikia shingo. Nimeshika shingo za watu wa Butembo, Beni na vilima vyote vya Lubero tangu wengi wenu hamjazaliwa, na mpaka leo nina hasira na maneno mawili niliyoyasikia kila siku ya vita. Nitayafikia.

Niliingia maabara ya hospitali yetu hapa Butembo wakati Mobutu bado yuko kwenye noti. Fundi mkuu alikuwa Mzee Kakule, mtu mfupi mwenye koti jeupe lililokaribia kufika kwenye viatu. Nilidhani siku ya kwanza atanionyesha hadubini. Badala yake aliweka mezani sahani ya ugali uliopoa.

"Funga macho," akasema. "Mu hii bugali muko haragi moja. Uitafute."

Nikabonyeza huku na huku. Nikasema hakuna kitu. Akanirudishia mkono kwenye sahani na kuniambia kwamba vidole vyangu vinatembea kama vya mtu anayekimbia mvua. Nikarudia polepole, na kweli, pembeni kabisa, nikaligusa haragwe, dogo, gumu, limejificha. Kisha akanipa sindano nilichome bila kuangalia. Nilichoma nikapata ugali, nikachoma tena nikapata ugali, mpaka jasho likanitoka. Mchana ule ugali niliula mwenyewe, kwa sababu kwetu chakula hakitupwi, hata kikiwa kimechomwa sindano.

Nilimwona kama mzee mwenye mchezo. Miezi ikapita ndipo nikaelewa kwamba alikuwa amenifundisha kazi yote siku ile ile. Vilimani kwetu goita, ule uvimbe wa tezi ya shingo, zilikuwa nyingi. Chumvi iliyofika huko juu haikuwa na dawa ya goita, na wanawake wengi walifunga kitambaa shingoni hata jua likiwaka. Kuna familia ambamo bibi alikuwa nayo, mama akawa nayo, binti naye akaanza kuotesha, na hakuna aliyeshangaa. Nyingi kati ya goita hizo hazikuwa na ubaya wowote zaidi ya uzito wake. Lakini ndani ya goita kubwa inaweza kukaa kansa ndogo, pembeni, imetulia, na sindano huvuta tone moja tu. Ukichoma mahali pamoja ukasema "salama", umeonja ugali, hukulipata haragwe.

Kwa hiyo uvimbe ukijaza kiganja, nawaomba, msiuchome mara moja mkaenda kunywa chai. Chomeni juu, chini, kando. Katikati mara nyingi kuna maji ya kahawia yasiyosema kitu. Na kabla ya sindano, tumieni vidole na masikio. Mwambieni mgonjwa ameze mate: goita njema hupanda na kushuka, ile mbaya huweza kung'ang'ania. Tafuteni tezi ndogo ubavuni mwa shingo. Ulizeni kama imekua ghafla. Na sikilizeni sauti, kwa sababu mshipa wa sauti unapita nyuma pale pale, na kansa haina adabu na jirani.

Kwa sauti Mzee Kakule alikuwa na njia yake. Mkatoliki alisali Salamu Maria kwa nguvu, Mwislamu akasoma Fatiha. Mfanyabiashara mmoja aliyesema hana dini alitusomea bei za kahawa, na alizisoma vizuri sana. Ndugu wa mgonjwa alisimama kando, nasi tukamuuliza yeye, si mgonjwa: "Hii ndiyo sauti yake?" Mgonjwa mwenyewe huizoea sauti yake inavyokwenda.

Kisha vita vikaja, vikaondoka, vikarudi na watu wengine wenye kombati zile zile. Mzee Kakule alikwisha kustaafu, yuko kijijini Kipese, akilima viazi na kuwachokoza wajukuu. Mafuta ya jenereta yakakosekana, tukatoa ile hadubini ya zamani yenye kioo cha kukamata jua, tukasomea barazani. Butembo ukungu ukiamka kabla yako, wewe unangoja jua. Spiriti ya kukaushia vioo tunavyopakia chembe za mgonjwa ilipoisha tulijaribu kanyanga, ile pombe ya kuchemshwa. Ile ya kwanza ilikuwa na maji mengi, chembe zikavimba zikawa hazitambulikani. Ikabidi tutafute mama anayepika kali zaidi. Mume wa mgonjwa mmoja aliangalia chupa, akaniuliza kwa heshima kama itakayobaki ina mwenyewe.

Na hapo ndipo maneno yale mawili yalipoanza: "Ni vita." Dawa zimepotea? Ni vita. Mgonjwa hakurudi kuchukua majibu? Ni vita. Mtu amesahau tu kuchemsha sindano? Naye anakunja uso, anasema ni vita. Vita vilituua vya kutosha. Nilichukia kuona watu wanavipa na kazi ambayo havikuifanya.

Sasa niwaambie habari ya akina Masika wawili.

Wa kwanza alikuwa mkulima wa Kipese, mama mzima, goita yake imeshuka mpaka juu ya kifua, akipumua kwa mluzi. Alikuwa amefikia kwa kaka yake, mtaa wa Bulengera hapa hapa Butembo. Wa pili alikuwa wa Beni, kazi yake kuchambua kahawa kwenye depo, mke wa Papa Swedi, yule dereva wa lori aliyepanda na kushuka njia ya mpaka wa Kasindi. Uvimbe wake ulijaza kiganja changu, mkubwa kweli, ila ukimweka kando ya Masika wa Kipese ungesema hana kitu. Tuliwachoma wote juma moja. Nilipoangalia vioo vyao vyote sikuridhika, chembe zilikuwa chache na damu nyingi, nikaomba vipelekwe kwa daktari wa chembe ng'ambo ya mpaka. Papa Swedi akavibeba mwenyewe, kisanduku kimefungwa kwenye shuka, kimewekwa pale anapowekaga Kurani yake.

Maabara yetu ilikuwa na desturi ya zamani: tulikwaruza jina la mgonjwa juu ya kioo kwa kalamu ya almasi, kisha kijiji na umri tukaviandika kwenye karatasi inayofungia. Zamani hiyo ilitosha, maana tulikwaruza na jina la ubatizo. Halafu Mobutu akakataza majina ya ubatizo, na tulipoambiwa tunaweza kuyarudia, mikono ilikwisha kuzoea jina moja. Mtu wa mbali hawezi kuelewa hatari yake. Kwetu Wanande jina ni nafasi yako ya kuzaliwa. Masika ni msichana wa kwanza. Ukisimama soko la Butembo ukaita "Masika!" nusu ya wauza maharagwe watageuka, na wengine watakuuliza unataka nini.

Njiani askari walikifungua kile kisanduku wakitafuta dhahabu. Mvua ilikuwa inanyesha. Papa Swedi aliokota vioo kimoja kimoja, akavifuta kwa kanzu yake, hakuna hata kimoja kilichovunjika. Karatasi ziligeuka uji. Aliporudi na majibu alikuwa na furaha ya mtu aliyetimiza amana.

"Mama Sindano, makaratasi ililowana, mais lakini bioo byote iko. Na jina iko juu yake."

Nikafungua bahasha. Majibu mawili. Masika, mwanamke, uvimbe mkubwa: hakuna chembe za kansa. Masika, mwanamke, uvimbe mkubwa: kansa ya tezi, apasuliwe. Nikasoma tena, nikageuza karatasi nyuma kana kwamba kijiji kingekuwa kimejificha huko. Papa Swedi alikuwa anasubiri nicheke naye. Nilipomweleza alikaa chini kwenye ngazi, akawa anaiangalia ile kanzu aliyofutia vioo.

Nikaenda kwa Docteur Paluku, mpasuaji wetu. Alikuwa hajalala vizuri siku nyingi, na habari yake haikuwa nzuri kuliko yangu.

"Niko na kétamine ya kulalisha mutu moja," akasema. "Moja tu. Na bananiambia route itafungwa. Tupasue Masika wa Kipese. Goître yake ni mukubwa zaidi, tena eko napumua mubaya."

"Docteur, bukubwa hapana ushahidi. Ukipasua huyu, na kansere iko kwa yule wa Beni?"

"Mama, mi najua. Mais utafanya je? Ni vita."

Nilisikia moto kichwani. Nikamwambia, "Vita haijue kuchoma sindano. Ni mi najua. Unipe siku kidogo, nibachome tena bote wawili."

Aliniangalia, kisha akacheka, kicheko cha uchovu. Alisema ataiweka ile dawa kwenye droo yake na ufunguo utakaa shingoni mwake pamoja na msalaba. Niwaambie pia hili, kwa sababu yeye hawezi kujisifu: nilipokuwa njiani walikuja wenye bunduki kuitaka dawa hiyo kwa mtu wao mwenye kidonda cha mguu. Aliwafungia kidonda, akawachomea dawa ya ganzi ya kawaida, na droo hakuifungua.

Bulengera nilikwenda kwa miguu. Nilimchoma Masika wa Kipese juu, chini, kando na kando, akakaa kimya kama mtu anayenyolewa. Jua lilitoka, nikasoma barazani. Chembe zilikuwa nyingi safari hii na zimetulia kama ng'ombe walioshiba. Mngefurahi? Mimi sikufurahi. Goita kubwa vile ingeweza kunificha haragwe hata kama ningechoma mpaka jioni. Nilihitaji kulipata kule Beni ndipo niweze kusema halipo hapa. Nikamweleza Masika wa Kipese yote, pamoja na habari ya dawa ya mtu mmoja, kwa sababu pumzi ilikuwa yake.

"Goître hii nilianza kuibeba mbele ya batoto wangu kuzaliwa," akasema, na mluzi wake. "Nalalaka nimekaa, nimezoea. Kama ule mwingine ndiye iko na kansere, mumupasue yeye kwanza. Mais uende kuona muzuri, Mama. Usinilalishe nimekaa bure."

Asubuhi nikapanda lori la Papa Swedi, juu ya viazi na vitunguu. Katikati ya njia kulikuwa na kizuizi, mti umelazwa, na askari akatupungia turudi.

"Nzela ekangami," akasema. Njia imefungwa. "Moto moko te." Hata mtu mmoja.

Papa Swedi alikwisha kuweka gia ya kurudi nyuma. Nikashuka. Mkubwa wao alikuwa kijana aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, akaniuliza nabeba nini. Nikamjibu sindano, vioo na kanyanga. Kanyanga iliwapendeza wote. Nikawaambia ni ya kukaushia nyama ya ugonjwa, wakapunguza kupendezwa.

"Mama, rudia kwako. Kule mbele banapigana."

"Sawa, Commandant. Basi uniandikie. Andika ni wewe umekataza Masika wa Beni apimwe kansere. Uweke jina yako yote, na ya baba yako, na ya kijiji. Sababu siye, jina moja imetuletea mateso."

"Mama, ni vita."

"Vita haina mukono ya kuandika. Wewe uko nayo."

Nikamnyooshea kalamu.  Kijana yule aliiangalia kalamu. Hakuishika. Akapeleka mkono kooni mwake.

"Na hii yangu? Hapa, ikinibana?"

Nikamshika shingo mbele ya watu wake. Nikamwambia meza mate. Akameza. Nikamwambia tezi yake ni nzima kabisa, ila kombati ni ya mtu mwembamba kuliko yeye. Askari wakacheka, hata yule aliyelinda mti akacheka, na akicheka akauinua. Chupa ya kanyanga waliibakiza. Nyingine ilikuwa ndani ya gunia la viazi.

Beni tulimkuta Masika depo, ameketi na wenzake mbele ya rundo la kahawa, mikono inakwenda yenyewe, mbovu huku, nzuri kule. Nikamwomba aingie ndani na mume wake. Nilimwambia asome Fatiha. Alianza vizuri, katikati sauti ikapasuka kama kitambaa.

"Hii ndiyo sauti yake?" nikamuuliza Papa Swedi.

Alifikiri. "Zamani alikuwa ananiita mara moja, nasikia mpaka kwa barabara. Siku hizi ananiita mara mbili, mara tatu. Nilizani ni miye masikio imezeeka."

"Ni vumbi ya kahawa," Masika akasema.

Nikamwambia ameze mate. Uvimbe ulikwenda kidogo, ukakwama. Nikafunga macho kama mbele ya sahani ya Mzee Kakule, nikapapasa polepole. Katikati laini. Juu laini. Chini, upande wa kushoto, karibu na mfupa wa kifua, pakawa pagumu. Sindano ya kwanza katikati ilileta yale maji ya kahawia. Ya pili niliipeleka pale chini, nikaisikia inakwaruza, kama jembe likigusa mchanga chini ya udongo. 

Kituo cha afya kilikuwa na hadubini yenye ufa lakini inaona. Niliiweka dirishani. Chembe zilikuwa nyingi, zimebanana, na viini vyake vina mfereji katikati. Kila kiini, punje ya kahawa. Nilikaa pale nikalia kidogo, kwa sababu nilikuwa nimelipata, na kwa sababu nililolipata lilikuwa ndani ya shingo ya mtu ninayemjua.

Kwetu mgonjwa haambiwi kansa yake. Anaambiwa mume, kaka, mjomba, mpaka habari inafika kwake imekuwa "kidonda cha ndani". Papa Swedi alinisogeza kando tuongee nje. Nikakataa. Shingo ilikuwa ya Masika. Nikarudi nikamwambia yeye mwenyewe, mume wake akisikia: ni kansa, iko pembeni ya goita, inabana mshipa wa sauti, na ikitolewa sasa kuna matumaini mazuri. Daktari anaweza kuugusa mshipa ule akikata, na sauti ikapotea kabisa. Tukiacha, itapotea sauti na mwenye sauti.

 Masika akauliza chembe za kansa zinafananaje. Nikamwambia zinafanana na punje za kahawa. Akatazama mlango, kule depo.

"Ile mubovu tunaitoa," akasema. "Hatutupe gunia nzima. Twende."

Tulirudi Butembo siku iliyofuata, yeye kwenye kiti cha mbele, mimi juu ya magunia ya kahawa. Kizuizini yule kijana alitufungulia bila neno, kola yake ameiacha wazi. Docteur Paluku alipasua asubuhi, kwa mwanga wa dirisha na tochi mbili, na dawa ile ya mtu mmoja. Alitoka amelowa mpaka mgongoni. Alisema mshipa ulikuwa umebanwa, haujaliwa, na yeye ameutenga kwa subira yote aliyobakiwa nayo. Masika alipoamka alitaka kumwita mume wake, hakikutoka kitu, pumzi tupu. Papa Swedi alijibu hata hivyo. Alikaa karibu na kitanda akijibu, "Niko, niko."

Masika wa Kipese alilala amekaa mpaka dawa nyingine ilipofika kwa ndege ndogo, nasi tukampasua. Goita yake niliikata vipande vyembamba, nikatafuta pembe zote. Ilikuwa ugali mtupu. Alipotoka hospitalini alilala chali mchana kutwa, kwa kiburi, watu wakidhani anaumwa. Alituletea gunia la viazi na kuniambia hakulala amekaa bure.

Tangu hapo kwenye kioo tunakwaruza jina, jina la baba na kijiji, hata kama mkono unauma. Nimesikia kuna mmoja wenu anayeandika "Masika" peke yake akisema kompyuta itamkumbusha mengine. Umeme ukikatika kompyuta haimjui mtu yeyote. Nikisikia tena nitatoka kwangu Bulengera na fimbo, na sitapanda pikipiki, nitakuja kwa miguu ili hasira ipate muda wa kuiva.

Baada ya operesheni ya Masika wa Beni, miezi ilipita, vita viko pale pale, mimi nilikwenda tena Beni kuchoma. Nikapitia depo. Mashine ya kukoboa ilikuwa inanguruma, wanawake wanapigiana kelele juu ya marundo, na Papa Swedi alikuwa ng'ambo ya barabara, chini ya lori lake, miguu tu inaonekana. Masika aliniona. Hakunisalimia kwanza. Alisimama, kovu lake wazi bila kitambaa, akavuta pumzi, akamgeukia mume wake.

"Swedi!"

Miguu ilichomoka chini ya lori. Alikuwa amemwita mara moja tu.